Kutoka Bila Mkataba: Maana Yake Nini Hasa?

Ukitaja Brexit pale vimbwetani, hakosekani wa kusema: "Wananchi walishapiga kura, si wangetoka tu? Mkataba wa nini tena?" Swali ni zuri, tulijibu taratibu.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza waliulizwa jambo moja: kubaki Umoja wa Ulaya au kutoka. Asilimia 51.9 wakasema tutoke. Watoke vipi, hawakuulizwa. Machi 2017 serikali ya Theresa May ikatoa notisi chini ya Ibara ya 50, na miaka miwili ikaanza kuhesabiwa. Muda ukiisha bila nyongeza, uanachama unakoma, mmekubaliana au hamjakubaliana.

Sasa, bila mkataba biashara haifi. Inarudi kwenye kanuni za Shirika la Biashara Duniani, yaani unauziana na jirani yako kama mtu baki. Gari lililotengenezwa Sunderland, ambalo lilikuwa likiuzwa Ujerumani bila ushuru, lingetozwa asilimia 10. Na ushuru una nafuu. Kazi ipo kwenye makaratasi: vibali vya dawa, ukaguzi wa nyama, leseni za madereva, haki za watu wanaoishi ng'ambo ya pili. Vyote hivyo vilitegemea sheria za pamoja ambazo zingekoma usiku mmoja. Bandari ya Dover hupitisha maelfu ya malori kwa siku. Kagua kila lori dakika chache tu, uone foleni itakavyokuwa.

Halafu kuna Ireland. Ireland ya Kaskazini iko chini ya Uingereza, Jamhuri ya Ireland imebaki kwenye Umoja. Mpaka wao ni karibu kilomita 500 na hauna vizuizi, jambo linaloenda pamoja na amani iliyopatikana kwa makubaliano ya 1998, baada ya miaka 30 hivi ya umwagaji damu. Forodha ungeiweka wapi pale?

Ndiyo maana Bunge lilikwama. Mwaka 2019 lilikataa mkataba wa May mara tatu, na hapohapo likapiga kura kukataa kutoka bila mkataba. Ikabaki kuomba muda. Mwishowe, chini ya Boris Johnson, walitoka tarehe 31 Januari 2020 wakiwa na mkataba wa kujitoa. Ule wa biashara ulipatikana tarehe 24 Desemba 2020, zikiwa zimebaki siku saba kipindi cha mpito kuisha.

Na sisi je? Kenya ilikuwa ikipeleka maua Uingereza bila ushuru kupitia utaratibu wa Umoja wa Ulaya. Ilibidi isaini mkataba wake na London Desemba hiyohiyo, la sivyo maua yangetozwa. Yaani kura ya watu wa Sunderland imemgusa mkulima wa Naivasha.

Wenzangu tunaosomea ualimu, kesho tutafundisha faida za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuwafundishe wanafunzi na mlango wa kutokea. Upo: Ibara ya 145 ya mkataba wetu inataka theluthi mbili ya wabunge wa nchi husika na notisi ya miezi 12. Ni miezi 12 tu, wakati wenzetu miaka miwili haikuwatosha.