Maabara ya mtandao nyumbani: Kifaa cha bei nafuu chaweza kuwa ghali

Mwadui, Shinyanga

Kijana wa Mwadui, wilayani Kishapu, anayejifunza ufundi wa mitandao ya kompyuta halazimiki kuanza kwa kununua vifaa vingi. Hatua ya kwanza ni kompyuta aliyonayo pamoja na programu ya Packet Tracer, itolewayo bila malipo kupitia mpango wa mafunzo wa Cisco Networking Academy. Ndani ya programu hiyo huunganisha ruta na swichi za kuigiza, hukosea na kurekebisha bila kuharibu chochote.

Vifaa halisi huhitajika pale anapotaka kujifunza kazi za mikono, kama vile kukata kebo, kubana vichwa vyake na kutafuta hitilafu. Ruta moja, swichi mbili zinazokubali kupangiliwa, kebo ya konsoli na koleo ya kubania vichwa hutosha kujifunza kugawa mtandao mmoja kuwa midogo na kuiunganisha tena.

Swichi za ofisini zilizokwishatumika huuzwa kwa bei ndogo, lakini gharama huendelea katika umeme. Vifaa vyenye jumla ya wati 60 vikiwaka usiku na mchana hutumia uniti 1.44 kwa siku, sawa na takriban uniti 43 kwa mwezi. Kwa kaya iliyo katika daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, ongezeko hilo laweza kuiondoa katika bei nafuu. Vikiwashwa saa mbili tu kwa siku, matumizi hushuka hadi uniti 3.6 kwa mwezi.

Mnunuzi anashauriwa kuomba kifaa kiwashwe mbele yake, kuhakikisha nywila ya mmiliki wa awali imefutwa, kudai risiti na kuchagua kifaa kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Aidha, mazoezi yabaki ndani ya maabara hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila idhini, hata kama nia ni kujifunza. Mtandao wa jirani, wa shule au wa ofisi ya mgodi si uwanja wa majaribio.

Kwa kuanza na programu ya bure na kununua kwa awamu, kijana hujenga ujuzi pasipo kuibebesha familia yake gharama isiyo ya lazima.