Kufufua pikapu kuukuu: anza uvunguni

Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968, na hadi leo si ajabu kukuta pikapu ya miaka ya 1980 ikibeba mizigo Afrika Mashariki. Wamiliki wengi wanaoamua kuifufua nyumbani huanza na rangi. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Bodi ya gari hilo hukaa juu ya fremu ya chuma, na humo ndimo kutu hujificha. Nchini Uingereza huletwa na chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi. Mombasa na Dar es Salaam, na hewa ya bahari. Pandisha gari juu ya stendi imara, kamwe usitegemee jeki peke yake. Kisha gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa zinaposhikwa springi za nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufifia. Palipooza pakatwe, pachomelewe chuma kipya, wala pasizibwe kwa puti.

Zifuate breki. Mafuta yake hunyonya unyevu wa hewani; yakizeeka, huchemka upesi kwenye mteremko mrefu, mvuke hujaa katika mirija, na pedali huzama bila kushika. Yabadilishwe pamoja na mipira iliyopasuka.

Hapo ndipo ifikiriwe injini yenye nguvu zaidi. Hata hivyo, breki zilizoundwa kwa injini dhaifu huenda zisimudu mwendo mpya, gari likiwa na shehena na abiria. Nazo ziimarishwe.

Rangi ije mwisho. Wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.