Chawia Hawampigii Hakimu Kura

Agosti 9, 2022, mpiga kura wa Chawia, katika eneobunge la Mwatate, kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, alikabidhiwa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Ya hakimu haikuwepo. Anayeketi Voi au Wundanyi kuamua kesi ya shamba, deni au wizi wa mifugo hakuomba kura ya mtu yeyote, wala hatapita sokoni Mwatate akipunga mkono juu ya gari.

Kuna nchi ambako angepita. Katika jimbo la Texas, Marekani, majaji huwania viti kwa tiketi za vyama, na hakimu wa ngazi ya chini kabisa hahitaji hata kuwa mwanasheria. Mexico ilikwenda mbali zaidi: Juni 1, 2025 wananchi waliitwa kuchagua majaji wa taifa. Mgombea alitakiwa kuwa na shahada ya sheria yenye alama nzuri pamoja na barua za watu wanaomfahamu, wakiwemo majirani. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 13 tu.

Kenya ilichagua njia nyingine, na ni ndefu. Anayetaka uhakimu husomea shahada ya sheria kwa takriban miaka minne, kisha hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi. Hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu akijifunza kazi, ndipo Jaji Mkuu anapomwapisha kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Hapo ndipo anapoweza kutuma maombi kwa Tume ya Huduma za Mahakama, maarufu JSC. Uchunguzi wake haukomei darasani: hutakiwa kuonyesha kwamba amelipa kodi, hana doa kwa wapelelezi wala kwa tume ya kupambana na ufisadi, na kwamba mkopo wa serikali uliomsomesha chuoni haukusahaulika.

Akifaulu, huanzia hakimu mkazi. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu wa ngazi hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 5, ilhali hakimu mkuu hufika milioni 20. Anayetamani ujaji wa Mahakama Kuu hudaiwa na Katiba uzoefu wa miaka 10, na wa Mahakama ya Juu miaka 15. Kadhi ana mlango wake: lazima awe Mwislamu, na ujuzi wake wa sheria za Kiislamu uiridhishe JSC.

Si zamani sana ambapo wazee wasio mawakili walikuwa na kiti katika mambo haya. Chini ya sheria ya 1990, mabaraza ya wazee yaliamua migogoro ya ardhi hadi yalipofutwa mwaka 2011. Katiba bado inahimiza usuluhishi wa kimila, kwa hiyo mzee wa Taita anayepatanisha ndugu waliogombania shamba hajavunja sheria. Ila yeye si hakimu.

Je, Chawia wamenyimwa haki? Wanaodhani hivyo wasikilize kisa cha West Virginia. Kampuni moja ya makaa ya mawe, Massey, iliamriwa na mahakama mwaka 2002 kulipa dola milioni 50. Kabla ya rufaa kusikilizwa, mkuu wa kampuni hiyo alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja, Brent Benjamin, kushinda kiti katika mahakama ya juu ya jimbo hilo. Benjamin alishinda, akakataa kujitoa katika kesi, na Massey ikapewa ushindi kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema alipaswa kukaa kando. Hebu fikiria mwenye shamba kubwa akimlipia hakimu mabango ya kampeni, halafu wakutane kortini dhidi ya mwanakijiji mwenye ekari mbili.

Lakini uteuzi nao haujatakasika na siasa. JSC ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019. Rais Uhuru Kenyatta aliwaapisha 34 mnamo Juni 2021 na kuwaacha wengine kadhaa, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi. Walisubiri hadi Septemba 2022, William Ruto alipoingia Ikulu, ndipo wakala kiapo.

Mwananchi wa kawaida ana nafasi yake pia, japo wachache huitumia. JSC yenyewe ina mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wasio wanasheria, waliowekwa humo kwa niaba ya umma. Ujaji ukitangazwa, majina ya waombaji huchapishwa, umma hukaribishwa kutoa taarifa, na usaili hufanywa hadharani. Jaji akikiuka maadili, mtu yeyote anaweza kuandikia JSC ombi la kutaka aondolewe. Kwa hiyo mkazi wa Chawia anayemfahamu vizuri mmoja wa waombaji, kwa mema au kwa mabaya, asingoje kulalamikia hukumu. Majina yakishatoka gazetini, aandike barua mapema, atie sahihi na kuambatisha ushahidi wake.