Noeli Katika Nyumba ya Msiba

Mwezi wa Desemba ukiingia, mabasi yaendayo Moshi hujaa watu na mizigo, kwa kuwa ni desturi ya Wachaga, popote walipotawanyika kwa kazi au kwa biashara, kurudi nyumbani kula sikukuu pamoja na wazee wao. Na kwa kuwa ni desturi yao vilevile kuwazika wafu wao katika kihamba, karibu na nyumba, kati ya migomba, hakosekani kila mwaka mtu asiyeweza kufika mlangoni pasipo kupita kando ya kaburi ambalo mwaka uliotangulia halikuwapo. Mtu huyo hutakiwa Krismasi njema na kila amwonaye. Huitikia kwa adabu, hula alichopakuliwa, huimba kanisani pamoja na wenziwe. Na usiku, watu wakiisha lala, huanza kuishuku imani yake, akidhani kwamba Mkristo wa kweli angalifurahi siku kama hiyo, na kwamba machozi yake ni ushahidi wa upungufu wake mbele ya Mungu.

Dhana hiyo imewatesa watu wema wengi, wakati mwingine kuliko msiba wenyewe, nayo haina msingi katika mafundisho ya Kanisa.

Kalenda ya Kanisa yenyewe yatosha kuikanusha. Kabla ya Noeli huja Majilio, Jumapili nne ambazo rangi yake ya kale ni zambarau, rangi ileile ya Kwaresima, na ambazo masomo yake huwahusu watu walio gizani na uhamishoni, wangojao msaada usioonekana bado. Kisha hufika tarehe 25, na shangwe yake ni ya haki kabisa; lakini kesho yake, siku ambayo wengi wetu twaijua kuwa ni ya kufungua zawadi, madhehebu yenye kuifuata kalenda hiyo humkumbuka Stefano, aliyepigwa mawe hata akafa; na tarehe 28 huwakumbuka Watoto Mashahidi, wale wavulana wa Bethlehemu wenye umri wa miaka miwili na chini yake ambao Herode aliamuru wauawe. Mathayo, katika sura yake ya 2, hapo hapo penye habari ya mamajusi na hazina zao, amleta Raheli wa unabii wa Yeremia, mama awaliliaye wanawe na kukataa kufarijiwa. Wala hamkemei. Hamwambii anyamaze kwa kuwa Mwokozi amekwisha kuzaliwa. Nasikitika kwamba sharika zetu nyingi hupita juu ya siku hizo mbili kana kwamba hazipo, maana, zikiwa karibu hivyo na hori, zawafaa sana watu kama yule msafiri wa kihambani.

Yupo mtu mmoja aliyelifikiri jambo hili kwa kina, naye alilifikiri akiwa kifungoni. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri na mwanatheolojia wa Ujerumani, alikamatwa Berlin tarehe 5 Aprili 1943 na serikali ya Hitler, akatiwa katika gereza la Tegel. Alikuwa na umri wa miaka 37, na miezi michache kabla yake alikuwa amemposa Maria von Wedemeyer, binti ambaye baba yake na kaka yake walikuwa wameuawa vitani katika mwaka wa 1942. Noeli ilipokaribia, huku mji ukipigwa mabomu toka angani, aliwatungia wafungwa wenzake sala, na kwa wazazi wake aliandika kwamba mfungwa aweza kuifahamu habari ya mtoto aliyezaliwa zizini kwa kukosa nafasi kuliko watu wengi walio huru, kwa sababu Mungu huelekeza uso wake pale ambapo wanadamu huugeuza wao. Majilio aliyafananisha na maisha ya seli: mfungwa husubiri, hutumaini, hufanya hili na lile lisilo na uzito, na mlango hufunguliwa kutoka nje.

Lakini neno lake lililo zito kuliko yote, kwa kadiri ya maoni yangu, ni lile la mkesha wa Noeli wa mwaka huohuo, alipowaandikia rafiki yake Eberhard Bethge na mkewe Renate, ambao walikuwa karibu kutenganishwa na vita. Makaburini kwetu husemwa kwamba Mungu ataliziba pengo, au kwamba alimpenda marehemu zaidi yetu. Bonhoeffer alikana hilo la kwanza waziwazi. Alisema kwamba hakuna kitu kiwezacho kushika mahali pa mpendwa asiyekuwapo, wala haifai kujaribu; kwamba Mungu halizibi pengo, ila hulihifadhi wazi, na kwa kulihifadhi hutusaidia kudumisha ushirika wetu na yule aliye mbali, hata kwa maumivu. Hakika kuna faraja kubwa katika maneno hayo kwa mtu aliyeulizwa mara nyingi kwa nini hajasahau. Uchungu wake ni sura ya upendo wake, na upendo haukatazwi siku ya Noeli.

Bonhoeffer mwenyewe hakutoka. Alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, majuma machache kabla ya vita kwisha katika Ulaya. Nalisema hili kwa kuwa wako wahubiri wanaofundisha tumaini kana kwamba ni ahadi ya mambo kunyooka kabla mwaka haujageuka. Aliyemzika mtoto wake mwezi wa Novemba akiisikia ahadi hiyo, huondoka kanisani akiwa na mzigo wa pili. Tumaini la Kikristo humtegemea Mungu aliyeingia katika dhiki ya watu, akazaliwa chini ya utawala wa kigeni na kukimbizwa Misri angali mchanga. Kwa hiyo laweza kukaa ndani ya mtu mmoja pamoja na kilio. Asiyeweza kuimba na aisome Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kumalizika gizani, nayo ni sala kamili katika Maandiko Matakatifu.

Jamaa na majirani nao wana wajibu. Jina la marehemu na litajwe mezani bila hofu, badala ya kila mtu kulikwepa. Mfiwa asilazimishwe kucheza wala kupokea wageni wengi, na akiomba kukaa nyuma kanisani, aachwe. Makanisa kadhaa ya Ulaya na Amerika hufanya ibada tulivu kwa ajili ya waombolezaji karibu na tarehe 21 Desemba, usiku ulio mrefu kupita yote katika nchi za kaskazini. Sioni sababu ya sharika zetu kutofanya vivyo hivyo katika juma la mwisho la Majilio. Na anayeshindwa kushangilia tarehe 25 asihesabu kwamba sikukuu imempita, maana habari ya Noeli huendelea hata tarehe 2 Februari, siku ya Kutolewa Bwana hekaluni, ambapo mmoja wa wawili wanaompokea mtoto ni Ana, mjane mkongwe aliyeishi na mumewe miaka saba tu, na ambaye Luka amtaja kwa jina, kwa ukoo na kwa kabila, akiwaeleza habari za mtoto huyo wote waliokuwa wakingojea ukombozi wa Yerusalemu.