Sahihisho Linaloweza Kuongeza Kosa

Mpima ardhi anayefuata barabara ya Korogwe hadi Handeni, masafa ya kilomita zipatazo 65, huanzia katika bonde la mto Pangani na kupanda kuelekea nchi iliyoinuka ya Handeni. Ichukuliwe kwamba kifaa chake kinaandika kimo cha kila mahali njiani bila kukatika, na kwamba kosa la kifaa hicho halizidi mita 1 popote, ama kwa kuzidisha ama kwa kupunguza. Ichukuliwe pia kwamba pale Korogwe pana alama ambayo kimo chake cha kweli kinajulikana. Kosa la mahali hapo basi laonekana wazi, na njia rahisi ya kusahihisha ni kuliondoa: lote Korogwe, nusu yake katikati ya safari, na kuendelea kupungua hivyo hivyo mpaka Handeni, ambako haliondolewi kitu. Je, kosa kubwa kabisa linaloweza kubaki baada ya kazi hiyo ni kiasi gani?

Wengi watajibu kwamba haliwezi kuzidi mita 1, kwa kuwa kusahihisha ni kupunguza makosa. Sivyo. Linaweza kukaribia mita 2.

Korogwe na iwe 0, Handeni iwe 1, na f(x) iwe kosa la kifaa mahali x. Nomu ya f, inayoandikwa ||f||, ni kosa kubwa kabisa lililomo katika grafu yake, liwe chanya au hasi. Opereta ni kanuni inayopokea grafu moja na kutoa nyingine. Nomu yake ni kiasi kikubwa kabisa inachoweza kutoa ikipewa grafu ambazo nomu zake hazizidi 1. Sahihisho la mpima ardhi ni opereta T, ambapo Tf(x) = −f(0)(1 − x), na nomu yake ni 1. Opereta inayoiacha kila grafu kama ilivyo huitwa I, nayo pia ina nomu 1. Kosa linalobaki ni (I + T)f.

Kama vile upande mmoja wa pembetatu usivyoweza kuzidi jumla ya pande mbili nyingine, ||I + T|| haiwezi kuzidi 1 + ||T||. Hapa inafikia ukomo huo. Kosa na liwe −1 pale Korogwe, kisha lipande hadi +1 katika sehemu moja ya mia ya safari, yaani mita 650 hivi mbele. Hapo litakalobaki ni 1 + 0.99, yaani 1.99. Likipanda karibu zaidi na Korogwe, litasogelea 2 kadiri upendavyo.

Siri imo katika kutokatika kwa njia. Kama vipimo vingechukuliwa katika miji miwili tu, kosa a la Korogwe na b la Handeni, sahihisho lingeacha 0 na b, na nomu ingekuwa 1. Mji uliosimama peke yake hauna jirani wa kumletea udhia. Lakini kila nukta ya barabara ina jirani aliye karibu nayo kuliko umbali wowote utakaotajwa.

Mwaka 1963 mwanahisabati Igor Daugavet alithibitisha kwamba mlinganyo ||I + T|| = 1 + ||T|| ni kweli kwa kila opereta kompakti katika anga ya grafu zisizokatika. Opereta zote zinazotumia idadi maalumu ya vipimo zimo katika kundi hilo. Kwa hiyo hata alama zikiwekwa kila kilomita, na kosa kati ya alama mbili likakisiwa kwa mstari ulionyooka, nomu ya sahihisho itabaki 1 na ukomo utabaki 2. Opereta −I peke yake ingefuta makosa yote, lakini hiyo yahitaji kulijua kosa la kila mahali. Nayo si kompakti.

Mwaka 2007 Choi, García, Maestre na Martín waliupeleka mlinganyo huo kwenye polinomia, ambamo sahihisho hutumia, kwa mfano, kipeo cha tatu cha f(0). Mwanafunzi na ajaribu na miji miwili: a − a³ haizidi 0.385 hivi, nayo b inabaki, kwa hiyo mlinganyo hautimii. Akiweka kipeo cha pili, na a ikiwa −1, atapata −2, na mlinganyo unatimia hata bila barabara, maana kipeo cha pili humeza alama ya hasi.

Kinachomwokoa mpima ardhi ni kujua jinsi kosa linavyobadilika. Ikiwa haliwezi kubadilika zaidi ya sentimita 10 kwa kilomita, alama ya Korogwe peke yake bado inaruhusu kosa la mita 1.69 hivi. Lakini kwa alama za kila kilomita, kosa linalobaki kati ya alama mbili halizidi sentimita 5.