Runinga imeandika 'No Signal'? Usimwite fundi bado

Mechi inaanza saa nne usiku, mabeshte wamejaa sebuleni, na skrini imeandika 'No Signal'. Tulia. Bonyeza menyu ya king'amuzi kwanza. Ikitokea, waya wa HDMI uko sawa. Angalia dishi au antena. Isipotokea, shika rimoti ya runinga, bonyeza 'Source' na uchague HDMI yenye namba ya tundu ulilochomeka waya. Bado? Zima vyote viwili, chomoa waya pande zote, urudishe hadi ukaze, au ujaribu tundu lingine. Ikikataa, azima waya wa jirani. Picha ikirudi, basi wako umekufa, nunua mwingine. Pesa ya fundi itanunua chapo za mabeshte.