Ridhaa ya Mama kwa Niaba ya Mtoto Aliye Tumboni

Katika makala haya twakusudia kutazama swali moja ambalo sisi wachungaji hatuna budi kulielewa: mama mjamzito akikubali kuingia katika utafiti, je, amekubali pia kwa niaba ya mtoto, na kwa muda gani?

Tuchukue mfano wa Bristol, Uingereza. Huko, chini ya uongozi wa Jean Golding, waliandikishwa akina mama waliotarajia kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, mimba 14,541 kwa jumla. Nia haikuwa kujaribu dawa, bali kuwafuatilia mama na mtoto kwa miaka mingi, ili ijulikane jinsi mazingira na urithi vinavyojenga au kudhoofisha afya. Akina mama walijaza hojaji na kutoa damu. Hata makondo ya nyuma yalihifadhiwa kwa maelfu. (Kwetu, ambako jamaa wengi huzika kondo kwa heshima, hilo peke yake lingehitaji maelezo marefu.)

Tamko la Helsinki la 1964 lilidai mtu akubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Lakini mwaka 1991 ni nani angaliweza kueleza yote ambayo damu ile ingeulizwa miaka 20 baadaye? Kwa sababu hiyo utafiti wa Bristol ulikuwa na kamati yake ya maadili na sheria, iliyopima mambo mapya kadiri yalivyotokea. Watoto nao walipofikia umri wa miaka 18 waliandikiwa upya, waamue wenyewe kama wataendelea, na kama kumbukumbu zao za matibabu ziunganishwe na utafiti.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye kiini. Ridhaa ya mama ni ya uangalizi, si ya umiliki: huitunza mpaka mtoto aweze kujisemea. Tena mama aliye mbele ya mganga anayemtegemea huona vigumu kukataa. Yapasa aambiwe waziwazi kwamba kukataa hakutampunguzia matibabu, apewe nafasi ya kushauriana na jamaa zake, na aweze kujitoa baadaye bila kudaiwa sababu. Mchungaji aombwaye shauri na mama wa namna hiyo amwulize kwanza kama ameelezwa hayo, na ni nani atakayemtafuta mtoto akisha kuwa mtu mzima.